Salama hadi New York: Saa zisizoandikwa kwenye tiketi

KWA mujibu wa ratiba, safari ya ndege kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) jijini Nairobi hadi Uwanja wa John F. Kennedy (JFK) jijini New York huchukua takriban saa 15 bila kutua popote. Kwa msafiri anayeanzia safari yake Salama, katika Kaunti ya Makueni, hesabu hiyo imeacha mengi nje.

Viwanja hivyo viwili vimetenganishwa na umbali wa takriban kilomita 11,800, ambao ndani yake mna jangwa la Sahara na bahari ya Atlantiki. Salama na JKIA vimetenganishwa na kilomita zisizofika 80 za barabara kuu ya Mombasa.

Hata hivyo, anayefunga mizigo yake Salama hulazimika kutenga saa nyingi mno kwa ajili ya kipande hicho kifupi, kwa kuwa hakuna awezaye kumhakikishia kitachukua muda gani.

Hapo ndipo penye jambo ambalo matangazo ya mashirika ya ndege na hotuba za uzinduzi hulipita kando. Urefu wa safari hauamuliwi na sehemu yake iliyo ya kasi zaidi, bali na ile isiyotabirika.

Njia iliyosubiriwa kwa miaka mingi

Safari ya moja kwa moja kati ya Kenya na Marekani haikuja kwa urahisi. Kabla yake, abiria wa Nairobi aliyetaka kufika New York alipitia Amsterdam, London, Dubai, Doha au Addis Ababa, na mara nyingi alimaliza zaidi ya saa 20 njiani akijumlisha muda wa kusubiri ndege ya pili.

Ilibidi kwanza mamlaka za Marekani ziridhike na usimamizi wa usafiri wa anga nchini. Idhini hiyo ya kiwango cha kwanza ilipatikana Februari 2017. Septemba mwaka huo huo, wizara ya uchukuzi ya Marekani ikaliruhusu shirika la Kenya Airways kuhudumu nchini humo.

Ndege ya kwanza iliondoka JKIA usiku wa Oktoba 28, 2018, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Ilikuwa ya aina ya Boeing 787-8, maarufu kama Dreamliner, yenye viti 234.

Kwa ratiba iliyotangazwa wakati huo, ndege ilikuwa ikiondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kutua New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kwa macho ya msafiri asiyezoea, ni kana kwamba amesafiri usiku mmoja tu wa muda wa saa saba.

Ukweli ni kwamba New York iko nyuma ya Nairobi kwa muda wa saa nane wakati wa majira ya baridi ya huko, na saa saba wakati wa majira ya joto. Alfajiri hiyo ya New York huwa ni alasiri huko Salama, na waliomsindikiza abiria wetu wamekwisha kula chakula cha mchana cha siku ya pili.

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi

Ukitazama ramani iliyobandikwa ukutani darasani, utadhani kwamba ndege inapaswa kukata magharibi kupitia Congo na kuibukia Atlantiki karibu na Ghuba ya Guinea. Lakini dunia ni mviringo. Ukichukua uzi na kuunyosha juu ya tufe kutoka Nairobi hadi New York, utaona unaelekea kaskazini magharibi, ukipita Sudan Kusini, jirani na Darfur, Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuingia baharini.

Huo ndio mstari mfupi zaidi, ila si kila siku ndege huweza kuufuata. Vita vilipozuka nchini Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Anga ya Libya nayo imeepukwa na mashirika mengi kwa miaka mingi. Ndege inayokwepa vita huongeza kilomita, na kila kilomita ina bei yake katika mafuta.

Kuna pia dhana iliyozagaa kwamba ndege inayoelekea magharibi inapaswa kuwahi kufika, kwa sababu dunia huzunguka kuelekea mashariki na hivyo New York "huja" kuilaki. Dhana hiyo haina mashiko. Hewa ambamo ndege huruka huzunguka pamoja na dunia, sawa na vile abiria anayetembea ndani ya gari moshi anavyobebwa pamoja na behewa.

Kinachotofautisha safari hizi mbili ni upepo. Juu ya kaskazini mwa Atlantiki huvuma mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York hupambana nao; anayerudi husukumwa nao. Ndiyo maana kwenda huchukua saa 15 hivi, na kurudi takriban saa 14.

Jambo la tatu ni mahali Nairobi ilipo. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Katika hewa nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa. Joto la mchana huifanya hewa hiyo kuwa nyepesi zaidi.

Ndege iliyobeba makumi ya tani za mafuta ya kuvukia Atlantiki inahitaji hewa baridi na njia ndefu ya kurukia. JKIA ina njia ya zaidi ya kilomita nne, na ubaridi hupatikana usiku. Kwa hivyo, kuondoka karibu na usiku wa manane kuna sababu ya kifizikia kabla ya sababu ya kibiashara. New York iko usawa wa bahari na haina kikwazo hicho, ndiyo maana ndege iliweza kuondoka huko mchana.

Ndege moja, siku moja na nusu

Umbali huu una maana nyingine kwa shirika lenyewe. Tuchukue ratiba ile ya uzinduzi. Ndege inayoondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku wa Jumatatu hurejea saa tano kasoro dakika tano asubuhi ya Jumatano. Hizo ni saa 35 na dakika 30 kwa safari moja ya kwenda na kurudi.

Maana yake ni kwamba shirika linalotaka kwenda New York kila siku sharti litenge ndege mbili kwa ajili ya njia hiyo peke yake. Pia marubani wa kupokezana hulazimika kuwamo ndani, kwa kuwa hakuna sheria inayomruhusu rubani kukaa kwenye usukani kwa saa 15 mfululizo.

Kenya Airways ina Dreamliner tisa. Mwaka 2025, tatu kati ya hizo zilikaa chini kwa ukosefu wa injini na vipuri, tatizo ambalo limeyakumba mashirika mengi duniani. Shirika hilo, lililokuwa limetangaza faida ya Sh5.4 bilioni kwa mwaka 2024, ya kwanza katika zaidi ya mwongo mmoja, lilirudi kwenye hasara ya Sh12.15 bilioni katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025.

Hesabu hiyo yaonyesha jinsi njia ndefu ilivyo dhaifu. Ndege ya Mombasa ikiharibika, abiria watasubiri nyingine baada ya muda mfupi, au hata wataabiri basi. Ndege ya New York ikikosekana, hakuna mbadala wa karibu. Abiria hupelekwa kupitia miji mingine, na zile saa 15 hugeuka 24 au zaidi.

Kati ya Salama na Mlolongo

Sasa turudi ardhini, ambako msafiri wetu bado hajafika uwanjani.

Ndege ya masafa marefu huenda kwa kasi inayokaribia kilomita 900 kwa saa. Kwa kasi hiyo, umbali wa kutoka Salama hadi JKIA ungemalizwa kwa muda usiozidi dakika sita. Kwa gari, barabara ikiwa nyeupe, ni safari ya saa moja na nusu hivi.

Lakini barabara hiyo si nyeupe. Ndiyo njia kuu ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Malori hupanda miinuko ya eneo la Salama yakitambaa, na nyuma yao magari madogo hujipanga, kila dereva akichungulia nafasi ya kupita.

Sehemu ya kutoka Athi River hadi njia panda ya Machakos imepanuliwa, ikawa na njia mbili kila upande. Ukiipita hiyo kuelekea Malili, Salama na Sultan Hamud, unarudi kwenye barabara ya gari moja kwenda na moja kurudi. Trela moja likikwama au kupinduka hapo, huziba njia ya mataifa kadhaa.

Jina la Salama limekuwa kama kejeli, kwa kuwa eneo hilo hutajwa mara kwa mara katika taarifa za ajali. Nchini kote, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni.

Kwa upande wa pili wa kipande hiki kuna Mlolongo, mji ambao jina lake ni foleni yenyewe. Ni kati ya majina hayo mawili ambapo msafiri wa Makueni hupoteza saa zake.

Wala si ajali tu. Novemba 2015, foleni ya malori karibu na Taru, katika Kaunti ya Kwale, iliwakwamisha wasafiri kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa kuharibu njia ya muda iliyokuwa pembeni mwa ujenzi. Aliyekuwa na tiketi ya ndege Nairobi wiki hiyo hakuwa na wa kumlalamikia.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Tufanye hesabu ya msafiri mmoja wa Salama kwa kutumia ratiba hiyo hiyo. Abiria wa safari za kimataifa huhimizwa kufika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na wale wa Marekani hupitia ukaguzi wa ziada. Kwa hivyo, anatakiwa awe JKIA kufikia saa mbili na nusu usiku.

Kama barabara ingetabirika, angeondoka nyumbani saa moja jioni. Hakuna mtu mwenye busara Salama atakayefanya hivyo. Ataondoka saa tisa alasiri, na jamaa zake watamwambia amechelewa.

Kuanzia saa tisa hiyo hadi magurudumu yanapogusa ardhi New York ni zaidi ya saa 23. Kati ya hizo, saa 15 ni za kilomita 11,800. Saa nane na zaidi zilizosalia ni za kilomita zisizofika 80 na za kusubiri uwanjani.

Kwa maneno mengine, zaidi ya thuluthi moja ya muda wa safari humalizwa kabla ndege haijaacha ardhi ya Kenya. Injini mpya, mabawa ya kisasa na ustadi wa marubani havina uwezo wa kupunguza hata dakika moja ya muda huo.

Isitoshe, msafiri huyu haendi peke yake. Desturi yetu ni kusindikizana. Familia hukodi matatu ya abiria 14, wazee wakaomba dua, watoto wakapiga picha nje ya uwanja. Mmoja anapopaa, waliobaki hurudi usiku kwa barabara ile ile, wakiwa wamechoka, dereva wao akiwa hajapumzika tangu mchana.

Hatari kubwa zaidi ya safari ya New York, basi, huenda isiwe ya yule aliye juu ya Atlantiki. Huenda ikawa ya mama yake anayerejea Salama saa sita usiku nyuma ya taa za trela.

Kawia ufike?

Wahenga walisema kawia ufike. Ni wosia mzuri kwa dereva, na ungefuatwa, makaburi mengi yasingechimbwa. Ila ndege haimngoji anayekawia. Kaunta hufungwa mapema, kwa kawaida muda wa saa moja kabla ya kuondoka, na anayefika baada ya hapo hupewa pole pamoja na bei ya tiketi nyingine.

Hapo wosia wa wahenga na sheria ya uwanja hugongana, na mgongano huo hutatuliwa barabarani kwa mguu wa dereva. Abiria aliyechelewa humsihi dereva akanyage mafuta. Dereva hupita lori mahali asipoona mbele. Barabara isiyotabirika huzaa haraka, na haraka huzaa ajali, ambayo nayo huifanya barabara isitabirike zaidi.

Kwa mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni, kuikosa ndege ni kukosa siku ya usajili. Kwa aliyepata kazi, ni kuanza na doa kwa mwajiri asiyejua Salama iko wapi. Kwa mzazi aliyeuza shamba au ng'ombe kulipa nauli, ni deni juu ya deni.

Yaliyofanywa na yaliyosalia

Si haki kusema hakuna kilichofanywa. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumiwa Mei 2022 na imepunguza mateso ya kilomita za mwisho kwa anayemudu kuilipia. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, imetoa njia nyingine yenye ratiba inayoaminika.

Lakini kila suluhisho limeishia kabla ya kumfikia msafiri wetu. Barabara ya juu huanzia Mlolongo, baada ya yeye kupita penye shida. Treni haisimami Salama. Kituo cha karibu upande wa Mombasa ni Emali, na kwenda huko ni kuupa uwanja wa ndege mgongo kwanza. Akishuka kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau, JKIA iko karibu, ila hana reli ya kumfikisha mlangoni mwa uwanja.

Uwanja wenyewe nao umekuwa na misukosuko yake. Moto wa Agosti 7, 2013 uliteketeza jengo la kuwasili. Mgomo wa wafanyakazi wa Septemba 11, 2024 ulikwamisha maelfu ya abiria wakati wa mzozo kuhusu mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, mpango ambao Rais William Ruto aliufuta Novemba 21, 2024. Hadi leo JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Ikizibwa, Nairobi imezibwa.

Katika mjadala huo wote kuhusu nani ajenge na nani aendeshe uwanja, swali la abiria hufikaje hapo halikupewa uzito. Uwanja wa ndege hauanzii penye lango la walinzi. Kwa mtu wa Makueni, unaanzia penye mwinuko wa Salama.

Yako mambo yasiyohitaji mabilioni. Magari ya kuvuta malori yaliyokwama yanaweza kuwekwa karibu na miinuko, badala ya kusubiriwa kutoka mbali. Maegesho ya malori yanaweza kuongezwa ili yasisimame kandokando ya lami. Mabasi ya ratiba yanaweza kuunganisha kituo cha Syokimau na JKIA kwa kufuata saa za ndege. Taarifa za njia kufungwa zinaweza kutangazwa mapema kwa redio za Kikamba na kwa simu, kabla gari halijaingia kwenye foleni.

Lililo kubwa ni kuendeleza upanuzi wa barabara kutoka njia panda ya Machakos kwenda mbele. Mipango ya barabara mpya ya kulipia hadi Mombasa imezungumzwa na serikali zilizofuatana. Kipande cha kufika Salama na Sultan Hamud hakipaswi kungoja makubaliano ya barabara nzima hadi baharini, kwa kuwa hapo ndipo msongamano na vifo vilipo.

Yapo mashirika yanayoruka mbali zaidi. Ndege ya Singapore kwenda New York huvuka zaidi ya kilomita 15,000 kwa muda unaozidi saa 18. Wasafiri wake hawalalamikii urefu huo, kwa sababu wanaujua kabla ya kuondoka nyumbani. Muda unaojulikana, hata uwe mrefu, mtu huweza kuupangia. Usiojulikana humla mtu akiba yake yote.

Kwa miaka kadhaa sasa tumejivunia kwamba New York iko umbali wa saa 15 kutoka Nairobi, na fahari hiyo ina msingi. Lakini itakuwa fahari ya wakazi wa jiji peke yao mpaka siku mtu wa Salama atakapoulizwa aondoke saa ngapi kuiwahi ndege, naye akatoa jibu moja, bila kuongeza "Mungu akipenda na barabara ikiruhusu."